Mto Suguti na Majirani Zake

Mwalimu wetu wa Jiografia wa kidato cha tatu alikuwa na desturi ya kuingia darasani na fimbo ya kuonyeshea ramani, nasi tulipoiona tulijua kwamba mmoja wetu hana budi kuitwa mbele. Tulikariri mto Rhine tangu milima ya Uswisi mpaka Rotterdam. Tulikariri mabwawa ya bonde la mto Tennessee kule Marekani, pamoja na faida zake zote, na hata leo mtu akiniamsha usiku wa manane naweza kuzitaja nne au tano. Wakati huo huo, Januari 1998, mimi nilikuwa nimeripoti shuleni siku nne baada ya wenzangu kwa sababu ya mto ambao hakuna mwalimu aliyepata kunitaka niukariri. Zilikuwa zile mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 1997. Mto ulikuwa umejaa, umekata njia, na mimi niliketi ng'ambo na sanduku langu la bati nikiutazama.

Nilipewa adhabu ya kukata nyasi nyuma ya bweni. Nilipojitetea kwamba nilizuiwa na mto, kiranja aliuliza, mto gani? Nikamwambia, Suguti. Akasema hajapata kuusikia, na yeye alikuwa mzaliwa wa mkoa huu huu wa Mara. Nadhani makala hii ni jibu langu kwake, ijapokuwa limechelewa kiasi. Kama angali anasoma jarida letu, salamu zimfikie.

Ndugu wasomaji, Suguti ni mto mdogo. Hauna maporomoko ya kuvutia watalii, wala nyumbu hawauvuki kama wanavyouvuka mto Mara, wala haujapata kupigwa picha ya kalenda. Maji yake hutoka katika nchi ya miinuko iliyoko mashariki, yakashuka kuelekea machweo, yakapita katika mbuga za udongo mweusi wa Musoma Vijijini, kisha yakaingia Ziwa Victoria. Kule kwetu, katika kiangazi kikali, mtu huvuka bila kulowesha kisigino, na akina mama huchimba mchanga wa mtoni mpaka wapate maji ya kuchota kwa kibuyu. Mvua zikishuka, mto huo huo huweza kumtenga mgonjwa na zahanati kwa siku tatu. Vijiji vya Wanyere na Kataryo vinaifahamu vizuri tabia hiyo, kwa kuwa mto umekaa kati yao.

Zamani za ukoloni nchi hii yote ilihesabiwa kuwa ya Musoma. Siku hizi imegawanywa: kuna Bunda, kuna Musoma yenyewe, na tangu 2012 kuna wilaya ya Butiama. Mipaka imekuwa mingi lakini mvua ni ile ile, inayonyesha milimani ndiyo inayotufurikia sisi wa chini. Kwa hiyo sioni namna ya kuandika habari za mto bila kuanza na watu wa milimani.

Watu wa milimani hukumbuka mambo yao kwa mvua. Waikizu husimulia kwamba mtemi wao wa kwanza alikuwa mwanamke, Nyakinywa, aliyetoka Kanadi upande wa Usukuma akiwa na uganga wa mvua. Alikutana na Isamongo, mwindaji aliyekuwa na moto. Mwenye moto hakuwa na mvua, na mwenye mvua hakuwa na moto, basi ikabidi waelewane. Kule kwao unasimama mlima Chamuriho, ambao jina lake hutajwa pamoja na lile la shujaa Muriho, na mawingu yakiukalia, hata sisi tulio mbali hutazama huko kabla ya kupeleka ng'ombe malishoni. Wazanaki nao walikuwa na wenye mvua wao. Mtoto wa Mtemi Nyerere Burito aliyezaliwa Butiama Aprili 1922 siku ya mvua kubwa alipewa jina la Kambarage, ambalo ni jina la pepo wa mvua. Kila mwanafunzi wa Tanzania hulitaja jina hilo, lakini sidhani kwamba wengi huuliza maana yake.

Sisi wa chini, Waruri, Wajita na Wakwaya, tulikuwa tukiukumbuka mto zaidi kwa samaki. Mzee mmoja wa ukoo wetu, mdogo wake babu, alipenda kutusimulia habari za ningu. Ningu ni samaki wa ziwani, lakini mvua zikianza hupanda mito kwenda kutaga. Wazee walikuwa wakitega migono kwenye mikondo, na kwa maneno yake mwenyewe, harufu ya ningu wakibanikwa ilimfanya mtu asahau madeni. Baadaye nilipopata nafasi ya kusoma vitabu vya Chuo Kikuu niliona kwamba mzee hakuwa anatia chumvi. Ningu alikuwa miongoni mwa samaki wakuu wa mito inayoingia ziwani, na kilichompunguza, hasa kuanzia miaka ya 1950, ni nyavu za makila kutegwa midomoni mwa mito wakati ule ule anapopanda kutaga. Halafu sangara aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 akamaliza mengine. Mimi katika utoto wangu nilimwona ningu mtoni mara mbili tu, na mara ya pili sikuamini mpaka nilipoonyeshwa.

Ile miaka ya mwisho ya karne ya 19 nitaipita haraka, si kwa sababu ni midogo bali kwa sababu inahitaji makala yake peke yake. Ng'ombe walikufa kwa sotoka, ikaja njaa, ikaja ndui. Mwaka 1892 alipita Mwaustria mmoja, Oscar Baumann, akitokea Umasaini kuja ziwani, na aliyaona mabaki ya msiba huo kwa macho yake. Hatimaye akaenda mpaka Burundi akatangaza kwamba ameipata chemchemi ya Naili. Jina lake lilibaki katika ramani, kwenye ghuba iliyoko upande wetu huu wa ziwa. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, kwani neno hilo Naili ndilo lililokuja kuufanya mto wetu mdogo kuwa mali ya watu wasioujua.

Maana maji ya Suguti huingia Ziwa Victoria, na ziwa hutoka Jinja, na yatokayo Jinja huitwa Naili mpaka Bahari ya Kati. Basi tarehe 7 Mei 1929, Serikali ya Misri na Serikali ya Uingereza zilibadilishana barua mjini Cairo. Barua hizo ziliweka kwamba bila kwanza kukubaliana na Misri, haifai kujengwa kazi yoyote ya umwagiliaji au ya umeme juu ya mto Naili, au matawi yake, au maziwa unakotoka, katika nchi zilizo chini ya utawala wa Waingereza, ikiwa kazi hiyo itadhuru Misri kwa kuyapunguza maji, au kuyachelewesha, au kuyashusha kina. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza. Hakuna mtu wa Mugango, wala wa Majita, wala wa Butiama aliyeulizwa. Kijana Kambarage alikuwa na miaka saba, akichunga mbuzi.

Nilizisoma barua hizo kwa mara ya kwanza katika maktaba ya Chuo Kikuu, Mlimani, mwaka wa pili, nikitafuta kitu kingine kabisa. Nilirudia lile neno la matawi mara tatu. Nikajiuliza kama nyanya yangu, aliyekuwa akinyweshea mboga zake kwa ndoo kutoka Suguti, alipaswa kuandika barua Cairo. Wanasheria watasema ndoo haihesabiki, nami nakubali. Lakini banio la mawe je? Na pampu ya wanakikundi je? Mstari uko wapi?

Ukiitazama kwa jicho la mkulima, habari yote ilikuwa ya pamba. Sudan ilikuwa na shamba kubwa la Gezira lililopata maji kutoka bwawa la Sennar, lililomalizika 1925, na Misri ilikuwa na pamba yake iliyosifika duniani, na viwanda vya Uingereza vilikuwa vikiingoja yote miwili. Kwetu nako pamba ililimwa, nayo ilikuja kuwa zao kuu la biashara upande huu wa ziwa. Tofauti ni kwamba pamba ya kule ilikuwa na mkataba wa maji, na pamba ya kwetu ilikuwa na mawingu. Na katika hesabu za maji yenyewe mto wetu ulikuwa hauna uzito wowote. Sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Victoria ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, wala si mito. Na yale maji yafikayo Misri, takriban asilimia 85 hutoka milima ya Ethiopia. Suguti ungekauka wote, Cairo hakuna ambaye angejua. Hata hivyo, Bwawa la Owen Falls lilipojengwa Jinja na kufunguliwa 1954, Misri iliweka mhandisi wake pale pale wa kuangalia maji yanayotoka. Maji ya mto wetu basi yalikuwa na Mmisri wa kuyapima kabla hayajapata Mtanganyika wa kuyapima.

Uhuru ulipokuja, jambo hili halikusahauliwa. Mwishoni mwa Novemba 1961, siku chache kabla ya bendera kupandishwa, Nyerere alieleza Bungeni msimamo juu ya mikataba iliyorithiwa kwa mkoloni: kwa muda wa miaka miwili Tanganyika ingeiangalia, na isiyofaa ingekoma. Kisha tarehe 4 Julai 1962 Serikali ya Tanganyika ilizipelekea Uingereza, Misri na Sudan barua ya kusema kwamba barua za 1929 haziifungi Tanganyika. Watu wengi husema "Nyerere aliandika". Msimamo ulikuwa wake kweli, na wanasheria wa dunia wanauita kwa jina lake, lakini Julai 1962 Waziri Mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, kwa kuwa Mwalimu alikuwa amejiuzulu Januari ili akajenge chama. Naomba vijana walio madarasani wasiikose alama hiyo kwenye mtihani. Misri ilijibu mwaka uliofuata kwamba yenyewe inaona mkataba ungali unafanya kazi, na pande zote mbili zikakaa na msimamo wake kwa miaka mingi. Tanzania ilipoanza mwaka 2004 kuvuta maji ya ziwa kwenda Kahama na Shinyanga, haikuomba ruhusa. Mkataba mpya wa ushirikiano wa bonde la Naili ulifunguliwa kutiwa sahihi Entebbe tarehe 14 Mei 2010, Tanzania ikiwa miongoni mwa watia sahihi wa siku ya kwanza, na ukaanza kuwa na nguvu tarehe 13 Oktoba 2024. Misri na Sudan hazimo.

Nimekaa sana Cairo. Turudi mtoni.

Wakati barua ile ya 1962 inaandikwa, ziwa lenyewe lilikuwa likipanda. Mvua kubwa zilianza mwishoni mwa 1961, na mpaka 1964 kina cha Ziwa Victoria kilikuwa kimepanda kwa zaidi ya mita mbili. Wazee wetu waliziita mvua za Uhuru, wengine kwa furaha, wengine kwa kulaumu. Mdomo wa mto uliliwa na ziwa, maji yakarudi nyuma yakalala mashambani. Mdogo wake babu alikuwa na mwamba wake mmoja ambao yeye alisema ziwa liliugusa mwaka ule, na kila alipopita na sisi wajukuu aliugonga kwa fimbo. Sisi tulidhani ni porojo za uzee, maana mwamba ule ulikuwa mbali na maji kiasi kwamba tulikuwa tukianikia udaga juu yake.

Lililowagusa watu wetu kuliko mafuriko yale lilikuwa lile la 1974. Mwalimu alikuwa ametangaza Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi iwe imekwisha kabla ya mwisho wa 1976. Mkoa wetu ulihamishwa. Butiama yenyewe, kwao Mwalimu, ilikuwa kijiji, na yeye alikuwa akienda kulima pale likizoni mwake. Familia yetu ilikuwa ng'ambo ya mto. Tuliambiwa tuje upande wa barabara. Nasema "tuliambiwa" ijapokuwa sikuwa nimezaliwa, kwani habari hii nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba nimekuwa shahidi. Miti ya nyumba iling'olewa, mabati manne yakabebwa na punda, na kaburi la babu likabaki kwenye mahame pamoja na minyaa ya boma lake.

Sitaki kuingia katika ubishi wa wasomi kuhusu vijiji vya ujamaa. Nimesoma shule ya msingi iliyojengwa kwa sababu ya kijiji kile, na ndiyo iliyonifikisha kwenye bweni lile la adhabu. Lakini ukweli wa mto nao useme. Watu waliokuwa wamesambaa kandokando ya maji walikusanywa mahali palipo na barabara, na barabara haina maji. Tangu 1971 Serikali ilikuwa imeweka lengo kwamba katika miaka ishirini, yaani ifikapo 1991, kila mwananchi apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Lengo zuri. Kisha ukaja ukame, ikaja bei ya mafuta, vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na pampu za vijijini zikazimika moja baada ya moja kwa kukosa dizeli na vipuri. Mwaka 1991 mama yangu alikuwa akitembea saa nzima kwenda Suguti, mto ule ule ambao nyanya yangu kabla ya 1974 aliusikia usiku akiwa kitandani. Kila asubuhi ya kilimo nusu ya kijiji ilivuka kurudi mashamba ya zamani, na jioni ikavuka tena. Nyanya alikuwa akivuka hata siku zisizo za kilimo, akakae kidogo kwenye mahame. Mto ukijaa, aliketi ukingoni upande huu akatazama minyaa kwa mbali. Alizikwa upande wa barabara, mwaka 1989, kwa kuwa wiki ile mto ulikuwa hauvukiki. Jambo hilo baba hakulimaliza moyoni.

Siku hizi maji ya bomba yanakuja kutoka ziwani. Mradi mkubwa wa Mugango, Kiabakari na Butiama uliwekewa jiwe la msingi na Rais Samia Suluhu Hassan Februari 2022, nami kama mtumishi wa Serikali sina budi kusema kwamba kwa mtu aliyekulia kwenye ndoo, kuona bomba likimwaga ni jambo la kutoa machozi. Lakini bomba limeleta na usahaulifu wake. Asiyeuchota mto hauangalii. Miti ya ukingoni imekatwa kwa mkaa, kingo zimelimwa mpaka kwenye maji, na mto ambao wazee waliuona ukiwa na maji meupe siku nyingi za mwaka sasa huteremka mwekundu mvua ya kwanza tu, umebeba shamba la mtu.

Nilipokwenda likizo nililisema jambo hili kwa baba yangu mdogo, ambaye analima vitunguu na nyanya kando ya mto na anasomesha watoto wawili kwa bustani hiyo. Nilimweleza, kwa heshima, kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Alikuwa ameisikia mkutanoni. Akasema, "Haya mwanangu, zipime." Nikaanza kuhesabu hatua kutoka kwenye maji. Nilivimaliza vitunguu, nikaimaliza nyanya, na hatua ya sitini ilinikuta katikati ya muhogo wake, karibu kuuona mlango wa jikoni kwa mama mdogo.

Akaniuliza, "Umeanzia mto gani, huu wa leo au wa Aprili?"

Sikuwa na jibu. Ule wa Aprili huwa umefika kwenye nyanya. Nikianzia pale, mama mdogo ahamishe na jiko. Sheria ninaiamini, na nimewahi kuitetea ofisini mbele ya watu wasioipenda. Lakini aliyeiandika, nadhani, alikuwa akifikiria mto unaokaa mahali pamoja, labda Rhine. Baada ya mazungumzo marefu baba mdogo alikubali kuacha hatua kumi na kuzipanda matete na miti, na mimi nilikubali kumnunulia miche. Si mita 60. Mpaka likizo iliyofuata matete yalikuwa yameshika, na ukingo ule haukumomonyoka wakati wa jirani ulipomomonyoka.

Kuna jambo moja la kumalizia. Mwaka 2020 ziwa lilipanda tena, na Mei mwaka ule lilipita hata kipimo cha 1964. Mdogo wake babu alikuwa amekwisha kufariki. Nilikwenda mwambani. Maji yalikuwa yameugusa, yakaupita kwa kiasi cha kiganja, na dagaa walikuwa wakielea pale tulipokuwa tukianikia udaga. Nilisimama pale na viatu mkononi, nikamwomba mzee radhi kwa sauti, na mtoto aliyekuwa akivua kwa ndoana karibu yangu akaniangalia kwa wasiwasi.

Basi nina ombi kwa wenzangu tuliosoma pamoja, na kwa wanafunzi walioko shuleni sasa ambao kwao ni Suguti, Wanyere, Kataryo, Bugwema, Tegeruka, au juu zaidi kuelekea Butiama na Bunda. Kila kivuko cha mto huu kina jina, na jina lina mtu au tukio. Mimi ninayo majina tisa niliyoyapata kwa wazee watatu, na wawili kati yao hawapo tena. Nanyi waulizeni wa kwenu, hasa akina bibi, kwa kuwa ndio waliokuwa wakichota. Andikeni jina la kivuko, aliyelisema, na mwaka aliozaliwa kama anaujua, mkampatie Mhariri naye atanifikishia. Na kama yuko anayekumbuka kivuko kilichokuwa chini ya mkuyu mkubwa, pale ng'ombe wa mnada walipokuwa wakivushwa, tafadhali aanze na hicho, maana wazee wangu walikitaja kwa majina mawili tofauti na hawakupata kupatana.